Deni la Marehemu: Watoto Walipe au Wasilipe?



Miaka michache iliyopita tuliitwa kusalisha katika matanga ya mtu mmoja wa upande wetu, huku Katanga. Siku ya kumaliza matanga, jamaa walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Kaka mkubwa wa marehemu akasimama, akasema kama desturi inavyotaka: «Mwenye deni kwa marehemu aseme. Na yule aliyemkopesha marehemu aseme vilevile. Tusifunge matanga na neno limebaki tumboni.»

Watu watatu wakasimama.

Wa kwanza alikuwa mwuza mabati. Marehemu alichukua kwake mabati ya kufunika nyumba, akalipa nusu, nusu ikabaki. Wa pili alikuwa mwuza baiskeli. Marehemu alikopa kwake baiskeli ya kubebea makala. Kisha, kabla ya kumaliza kulipa, akaiuza mjini, na hakuna mtu nyumbani aliyejua feza ilikwenda wapi. Wa tatu alikuwa mwenye kilabu cha pombe. Huyo alileta daftari, na majina ya pombe yalijaa kurasa nne.

Mtoto wa kwanza wa marehemu, kijana wa miaka 19, akauliza kwa uchungu: «Baba mkubwa, baba alikopa, na baba amekufa. Sisi tulikuwa wapi siku aliyotia kidole kwenye kartasi? Deni la mtu halifi pamoja naye?»

Wazee wakaenda kando kusemezana. Waliporudi, yule baba mkubwa akasema: «Mwanangu, tumejiuliza maneno matatu tu. Nani alikubali? Nani alikula? Na mwenye kukopesha alijua nini?» Kisha wakakata neno. Kwa mabati walisema: «Haya yako juu ya vichwa vyenu, mvua ikinyesha hamlowi. Lipeni yote.» Kwa baiskeli: «Mtu huyu alikopesha kwa moyo mweupe, lakini ninyi hamkula. Mtamrudishia bei iliyobaki, pole pole, bila nyongeza.» Kisha wakamgeukia mwenye kilabu: «Wewe uliwaona watoto hawa wakifukuzwa shuleni kwa kukosa feza ya masomo, na jioni ulimwandikia baba yao chupa nyingine. Wewe ulikopesha kinywa cha mtu, hukukopesha nyumba. Mfuate mdeni wako huko alikokwenda.» Watu wakacheka, ingawa ni katika matanga.

Tangu siku ile tumefikiri mara nyingi juu ya maneno yale matatu. Kwani nchi yetu nayo ni nyumba iliyoachiwa madeni, na swali la yule kijana ni swali letu sote: Je, taifa lina lazima ya kulipa deni ambalo halikuulizwa wala halikulila?

Kukopa si dhambi

Tuanze na jambo lililo wazi. Serikali ikikopa, haijafanya ubaya kwa sababu hiyo tu. Tufikiri daraja. Daraja zuri laweza kusimama miaka hamsini. Tukisema lijengwe kwa kodi ya mwaka mmoja tu, watu wa mwaka ule watakufa njaa, na wajukuu watapita bure. Tukikopa na kulipa kidogo kidogo, kila kizazi kinachopita juu ya daraja kinalipa sehemu yake. Hiyo ni haki, tena ni akili.

Lakini deni la serikali lina hatari tatu ambazo mwananchi hazioni kwa urahisi.

Ya kwanza ni riba. Mtu akikopa franka 100,000 kwa riba ya 10 katika kila 100, na asilipe kitu, baada ya mwaka mmoja anadaiwa 110,000, baada ya miwili 121,000, na mwaka wa nane deni limepita 214,000. Hakuchukua hata franka moja zaidi, lakini deni limezaa deni jingine kubwa kuliko mama yake.

Ya pili ni feza yenyewe. Serikali inakusanya kodi kwa feza ya nchi, lakini mikopo mingi ya nje inalipwa kwa dola. Feza ya nchi ikianguka, deni linakua wakati watu wamelala. Sisi Wakongo tunalijua jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1967, zaire moja ilipozaliwa, ilikuwa na bei ya dola 2. Mwaka 1993 ilitolewa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanya hesabu, msomaji: franka moja ya mwaka 1998 ni sawa na zaire za kwanza miliari 300, na miliari ni elfu ya milioni. Nani angeweza kulipa deni la dola kwa feza kama hiyo?

Ya tatu ni kwamba anayetia sahihi si yule atakayelipa. Wakubwa wachache wanatia sahihi leo. Walipaji bado wako mgongoni mwa mama zao. Wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Katika deni la serikali, mara nyingi harusi ni ya watu wengine na matanga ni ya watu wengine.

Jinsi nyumba yetu ilivyoingia katika deni

Deni letu lina umri mkubwa kuliko uhuru. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na Mpango wa Miaka Kumi, tangu 1949 mpaka 1959, wa kujenga barabara, bandari, hospitali na nyumba, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ililipwa kwa mikopo. Mwaka 1951 koloni ilikopa dola milioni 40 kwa Banki ya Dunia, na Ubelgiji ukawa mdhamini. Wakongo hawakuulizwa. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mabishano yakaanza: nani atalipa, mwenye koloni wa jana au mwananchi wa leo? Ubishi huo ulidumu mpaka Februari 1965, Kongo na Ubelgiji walipopatana kugawana madeni na kuunda mfuko wa pamoja wa kuyalipa.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Jenerali Mobutu akatwaa utawala. Mwanzoni shaba ilikuwa na bei nzuri, na banki za ng'ambo zilikuja zenyewe mlangoni na mikopo mikononi. Ndipo zikaja kazi kubwa kubwa. Mwaka 1972 bwawa la Inga la kwanza lilianza kutoa umeme, na mwaka 1982 la pili. Kiwanda cha chuma kilijengwa Maluku, karibu na Kinshasa. Na tangu 1973 mpaka 1982 zilivutwa nyaya za umeme kutoka Inga hata Kolwezi, njia ya kilometa karibu 1,700.

Lakini kati ya 1974 na 1975 bei ya shaba ilianguka zaidi ya nusu. Reli ya Benguela, iliyopeleka shaba yetu baharini, ilifungwa mwaka 1975 kwa sababu ya vita vya Angola. Maduka na mashamba yaliyonyang'anywa wageni tangu Novemba 1973, wakapewa wakubwa, yalikuwa yamekwisha kuharibika. Mwaka 1975 Zaire ikashindwa kulipa. Mwaka 1976 serikali zilizokopesha zikakutana Paris kuahirisha madeni, na baada ya hapo zilikutana tena na tena. Ila kuahirisha si kusamehe. Riba isiyolipwa iliwekwa juu ya deni, na deni likaendelea kuzaa.

Mobutu alipoanguka, Mei 1997, nchi ilikuwa imeacha kulipa kwa miaka mingi. Serikali zinazokutana Paris zilipokaa mwaka 2002 kupima deni letu kwao, zilikuta karibu dola miliari 9, na zaidi ya miliari 8 kati ya hizo zilikuwa malimbikizo: malipo yaliyokwisha kupita siku yake. Ukijumlisha na madeni kwa Banki ya Dunia na wengine, mzigo wote ulipita miliari 12.

Maneno matatu ya wazee

Sasa tuyachukue maneno ya wazee wetu wa chini ya mwembe.

Nani alikubali? Mwaka 1970, 1977 na 1984 watu walipiga kura ya rais, lakini jina lilikuwa moja tu. Chama kilikuwa kimoja, na bunge lilikuwa la chama kile kile. Mwananchi hakuwa na mahali pa kusema: «Mkopo huu hapana.» Kukubali bila nafasi ya kukataa si kukubali. Mtu akikushika mkono akakutia kidole kwenye kartasi, wino ni wako, neno si lako.

Nani alikula? Hapa ni lazima tuseme kweli, tusichanganye mambo yote. Kuna deni la mabati: umeme wa Inga unawaka mpaka leo, na mtu anayewasha taa Kinshasa asiseme hakula kitu. Kuna deni la baiskeli: kiwanda cha Maluku kilijengwa kwa matumaini makubwa, lakini hakikufanya kazi hata kwa sehemu ndogo ya nguvu zake, kikafungwa. Zile nyaya za Kolwezi ziko katikati. Zilileta umeme migodini, ni kweli. Lakini zinapita juu ya vijiji vingi sana ambavyo jioni vinawasha koroboi. Umeme unaosafiri mbali namna ile hauwezi kuchotwa njiani bila mitambo ya gharama kubwa. Mama anapika chini ya umeme wenye nguvu ya kuendesha mgodi mzima, na nyumba yake ni giza. Lakini deni la nyaya lilikuwa deni la nchi nzima, na la mama huyo pia.

Tena kuna deni la kilabu. Gbadolite, mji wa Mobutu, ulipata majumba ya marumaru na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kwa Concorde, wakati walimu wa nchi walikaa miezi bila mshahara. Labda mtu atasema: «Majumba yale hayakujengwa kwa mikopo, yalijengwa kwa feza nyingine.» Tunajibu: Feza ya serikali ni kama maji ya mtungi mmoja. Jirani akikuletea maji ya kupikia, nawe ukamwaga yako uwanjani, hatuwezi kusema maji ya jirani hayakumwagwa. Mkopo wa hospitali ukifika, feza ya nyumbani iliyowekwa kwa hospitali inapata nafasi ya kukimbilia marumaru.

Na mwenye kukopesha alijua nini? Hili ndilo swali zito kuliko yote. Mwaka 1978 Shirika la Feza la Dunia lilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, kusimamia banki kuu ya Zaire. Alikaa karibu mwaka mmoja. Mwaka 1982 aliandika taarifa, akasema wazi kwamba wizi umeshika mizizi katika utawala na kwamba wakopeshaji wasitumaini kurudishiwa feza zao. Maneno yale hayakubaki siri. Na bado mikopo iliendelea kuja kwa miaka, kwa sababu wakubwa wa Magharibi waliona ni bora kuwa na rafiki mwizi kuliko kumwachia adui mlango. Basi, huyo ni mwenye kilabu na daftari yake. Aliwaona watoto wakifukuzwa shuleni, akaandika chupa nyingine.

Mwanasheria mmoja, Alexander Sack, alichapisha kitabu huko Paris mwaka 1927, akafundisha karibu maneno yale yale: deni lililofanywa bila ukubali wa watu, bila faida yao, na mkopeshaji akijua hayo, ni deni la kuchukiza, nalo linamfuata mtawala, halilifuati taifa. Hata kabla yake, mwaka 1898, Marekani walikataa kwamba Kuba ibebe madeni ambayo Hispania ilikuwa imeyafanya kwa jina lake. Wazee wetu hawakumsoma Sack. Haki ni moja, nayo yaweza kusomwa katika moyo wa mtu mnyofu hata kama hajui kusoma kitabu.

Maneno ya wale wanaokataa

Kuna watu wenye akili ambao hawakubali fundisho hili, na ni wajibu wetu kuwasikiliza.

Wanasema kwanza: «Ahadi ni ahadi. Nchi ikichagua yenyewe madeni ya kulipa na ya kukataa, kesho nani ataikopesha?» Neno hili lina uzito. Dawa ya deni ni kulipa, na Mkristu mwenye kukimbia deni la haki ni mwizi. Lakini uaminifu unatakiwa kwa pande zote mbili. Mkopeshaji akijua kwamba deni lolote litalipwa na maskini, hata alilompa mlevi, hatakuwa na sababu ya kuuliza. Akijua kwamba deni la kilabu halilipwi, atauliza kabla ya kufungua mfuko. Kwa hiyo kukataa deni ovu hakuui ukopeshaji, kunausafisha.

Wanasema tena: «Feza zile zilikuwa akiba ya watu wa Ulaya, wafanyakazi na wazee.» Ni kweli kwa sehemu, nasi hatupendi mzee wa Liège au wa Köln aonewe. Lakini tumwulize nani aliyempoteza feza: yule mama wa kijiji chenye giza, au mkubwa wa banki aliyesoma onyo akalifunika?

Tena wapo walionunua madeni yetu kwa bei ya chini ili wadai bei yote. Kampuni moja ya Marekani, FG Hemisphere, ilinunua mwaka 2004 deni la kale la Energoinvest, kampuni ya Sarajevo iliyofanya kazi za umeme Zaire, ikadai zaidi ya dola milioni 100 mpaka mbele ya mahakama za Hong Kong. Mwaka 2011 mahakama kuu ya huko iliamua kwamba mali ya nchi yenye enzi yake haiwezi kushikwa namna ile. Na mwaka 2015 Ubelgiji ulitunga sheria ya kuwazuia wafanya biashara hao wasidai kuliko bei waliyonunulia. Huyo si mwuza mabati wala mwenye kilabu. Ni mtu aliyeokota daftari ya kilabu njiani, akaja nayo matangani.

Kanisa nalo halikunyamaza. Mwaka 1986 Tume ya Papa ya Haki na Amani ilitoa maandishi juu ya madeni ya mataifa, ikafundisha kwamba wakopaji na wakopeshaji wote wana daraka, na kwamba deni lisilipwe kwa kuwaua watu njaa. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba Yubilei ya mwaka 2000 iwe wakati wa kupunguza au kufuta madeni, akikumbuka sheria ya Walawi ya mwaka wa hamsini. Papa Fransisko aliomba jambo hilo hilo kwa Yubilei ya 2025. Wala si neno geni: nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hatabeba uovu wa baba yake.

Tumesamehewa. Halafu?

Mwaka 2003 Kongo iliingizwa katika mpango wa kusaidia nchi maskini zenye madeni mazito, na tarehe 1 Julai 2010, siku moja baada ya sherehe ya miaka 50 ya uhuru, ilifika mwisho wa njia hiyo. Madeni ya dola miliari 12 na zaidi yakafutwa. Lakini angalieni: hakuna aliyesema, «Tulikosa kumkopesha mwizi.» Ilisemwa tu, «Ninyi ni maskini, tunawahurumia.» Deni la kilabu na deni la mabati yakafutwa kwa kitambaa kimoja. Tukapata nafuu, hatukupata hukumu. Na pasipo hukumu mtu hajifunzi.

Angalieni jirani zetu, ng'ambo ya Kasumbalesa. Zambia ilisamehewa mwaka 2005. Bei ya shaba ikapanda, wakopeshaji wakarudi. Mwaka 2012 iliuza hati za deni za dola milioni 750, mwaka 2014 za miliari 1, mwaka 2015 za miliari 1 na robo, pamoja na mikopo mingine mingi. Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42 na nusu, ikasimamisha malipo. Ilichukua mpaka Juni 2024 kumaliza mapatano na wenye hati zile. Hatuwacheki. Shaba yao ni shaba yetu, na anayeona nyumba ya jirani inaungua huangalia nyasi za paa lake.

Kwetu, mapatano ya 2008 na makampuni ya China, yanayoitwa Sicomines, yalitaja dola miliari 9, barabara kwa madini. Mwaka 2009 yalipunguzwa yakawa miliari 6 ili njia ya kusamehewa isifungwe. Machi 2024 yaliandikwa upya, na sehemu ya barabara na majengo ikapandishwa mpaka miliari 7. Hatusemi mapatano haya ni mabaya au mema. Tunauliza tu: kati yetu tunaopita barabara zile, wangapi waliwahi kusomewa kartasi yake?

Leo deni la Kongo, likilinganishwa na mali inayozalishwa nchini, si zito kama la nchi nyingi za Afrika. Huu ndio wakati mzuri wa kuuliza, kabla ya mafuriko. Na tukumbuke mfano wa Yezu juu ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, kisha akatoka akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Serikali iliyosamehewa miliari 12 isikae na mshahara wa mwalimu na mwuguzi. Deni hilo nalo ni deni, na wadai wake hawana mahakama ya Hong Kong.

Tujihukumu sisi wenyewe

Haifai tuwanyoshee wakubwa kidole, na sisi tumeficha mkono mwingine. Katika kikanisa chetu tulitaka kubadili paa. Watu watatu wa komite, nasi tukiwa mmoja wao, tulikopa mabati kwa mfanya biashara, tukaahidi kulipa wakati wa mavuno. Hatukuwasomea Wakristu bei. Tulijiambia: «Ni kwa ajili ya Mungu, nani atakataa?» Mwaka ule mvua ilikatika mapema, mahindi yakawa haba. Mdai akaja. Tulipotangaza mchango, mama mmoja mjane akasimama akasema: «Mwalimu, sisi hatuna ubishi na mabati. Lakini mlikopa ninyi, mbona tunalipa sisi?»

Tulikosa jibu. Tulikuwa tumefundisha juu ya haki miaka mingi, kumbe tumefanya kidogo kile ambacho wakubwa walifanya kwa ukubwa. Dominika iliyofuata tulisoma hesabu yote mbele ya watu, mstari kwa mstari, tukaomba radhi. Walinung'unika, wakauliza, wakakosoa bei ya misumari. Kisha wakapanga wenyewe nani atoe nini na lini, na wajane wakaondolewa. Katika mavuno mawili deni likaisha. Feza ilikuwa ile ile. Lakini deni tulilowaficha lilikuwa mzigo wa kubambikiwa, na deni walilolijua likawa ahadi yao.

Basi hili ndilo jibu letu kwa yule kijana. Sahihi ya mkubwa peke yake haifungi dhamiri ya taifa. Kinachoifunga ni kwamba watu waliulizwa, na kwamba walikula. Deni la mabati lilipwe hata likiwa gumu. Deni la baiskeli lirudishwe kwa upole, bila nyongeza. Deni la kilabu libaki kwa waliokunywa na waliomimina.

Lakini mwenye haki ya kuulizwa ana lazima ya kuuliza. Tukichagua mbunge, tumwulize: mkopo gani, wa kazi gani, kwa riba gani, utalipwa na nani? Tuanze na makomite yetu, likelemba zetu, vyama vyetu vya mbolea. Mtu aliyezoea kusomewa hesabu ya kikanisa hatakubali kunyimwa hesabu ya nchi. Na tulipe kodi ya haki, kwani serikali isiyopata kodi kwa watu wake itaitafuta kwa mkopeshaji, na hapo itamsikiliza yeye, haitatusikiliza sisi.

Yule kijana amemaliza kulipa mabati. Ya baiskeli bado analipa kidogo kidogo, na mwuza baiskeli anamngoja bila kelele. Mwenye kilabu alinuna miezi kadhaa. Siku hizi, wanatuambia, mtu akiomba pombe ya mkopo humwuliza kwanza: «Watoto wako shuleni?»